Fahamu: Kwa nini VS Code haioni maktaba uliyokwisha kuisakinisha

Umesakinisha maktaba ya Python kama pandas, lakini kihariri cha VS Code inashikilia kwamba haipo. Usikimbilie kuisakinisha upya. Mara nyingi kompyuta ina Python zaidi ya moja, na kisakinishi pip kimeiweka maktaba kwenye ile ambayo kihariri hakiitumii. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python huja na venv, inayotenga maktaba za kila mradi: utaratibu mzuri mno, ila huzidisha Python za kuchagua.

Endesha import sys; print(sys.executable) ndani ya kihariri. Utaona Python ipi hasa inafanya kazi. Ikiwa si ya mradi wako, bonyeza Ctrl+Shift+P, chagua Python: Select Interpreter, kisha Python iliyo ndani ya .venv, folda ya venv ya mradi wako. Fungua terminali mpya, usakinishe kwa python -m pip install pandas. Amri hiyo huipeleka maktaba kwenye Python ileile uliyoiita.