Je, Wajua? Kabla Hujafunga Breki Kubwa Kwenye Impreza Yako

Je, wajua kwamba matairi ndiyo yanayosimamisha gari? Breki kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke. Baada ya hapo kila kitu kinategemea mshiko wa mpira kwenye lami. Kwa hiyo ukiwa na Subaru Impreza na umeshaanza kuulizia bei ya breki kubwa, anza na jaribio lisilo na gharama. Tafuta mahali peupe, lami kavu, pasipo na mtu wala gari, fika kilomita 60 kwa saa, kisha kanyaga breki kwa nguvu zako zote. ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapokanyaga breki) ikifanya kazi na pedali ikakutetemekea mguuni, breki ulizonazo zimeshauzidi nguvu mshiko wa matairi yako. Ukifunga kubwa zaidi leo, kesho utasimama karibu palepale.

Je, wajua breki kubwa zinakusaidia wapi basi? Kwenye joto. Gari la kilo 1,300 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa hubeba nishati ya karibu kilojuli 500, na unaposimama sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto kwenye diski. Ongeza mwendo hadi 140 na nishati inafika karibu kilojuli 980. Mwendo umepanda kwa asilimia 40, mzigo wa breki umekaribia kuongezeka maradufu! Diski pana na nene hubeba joto jingi zaidi kabla ya kuzidiwa. Jaguar walishinda Le Mans mwaka 1953 kwa breki za diski za Dunlop, na katika mbio za saa 24 ustahimilivu huo ulikuwa silaha kubwa.

Je, wajua kwamba breki huzidiwa na moto kwa namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha? Pedi zikipata moto kupita kiasi, pedali inabaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inakuwa laini na kuzama, kwa sababu ndani ya paipu kumezaliwa mvuke, na mvuke hubonyea. Tatizo la kwanza linaanza kutibiwa kwa pedi bora. La pili, kwa mafuta mapya na kutoa upepo. Mteremko wa kushuka Mai Mahiu kule Kenya au Kitonga kule Tanzania utakuonyesha yote mawili ukiuteremka kwa gia kubwa huku mguu umelala kwenye breki. Shuka kwa gia ndogo, injini ibebe mzigo.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa? Kwa viwango vya chini vinavyotakiwa, DOT 4 mpya (DOT ni daraja la mafuta hayo) huanza kuchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji hushuka hadi 155. DOT 3 hutoka 205 hadi 140, na DOT 5.1 kutoka 260 hadi 180. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, hata kama gari halijaenda mbali. Na tahadhari: DOT 5 ni ya silikoni. Usiichanganye na hizo nyingine.

Je, wajua kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza? Magari ya namna hiyo yakikimbia kwenye vumbi na mawe hufungwa diski za takriban milimita 300, kwa sababu rimu za inchi 15 haziachi nafasi zaidi. Kwenye mashindano ya lami ndipo zinapofungwa zinazopita milimita 350.

Je, wajua kwamba diski ya mbele ya Impreza STI yenye breki za Brembo ina kipenyo cha milimita 326? Rimu ya inchi 16 kwa kawaida haiipokei. Unahitaji inchi 17. Halafu kuna jambo linalowaliza wanunuzi wa spea za mtumba: STI za kabla ya 2005 zina boliti 5 kwenye duara la milimita 100, sawa na Impreza nyingi za kawaida, lakini kuanzia toleo la 2005 duara likawa milimita 114.3. Diski ya toleo hilo la 2005 haitakaa kwenye habu yako ya milimita 100. Nenda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, ukiwa umeshapima.

Je, wajua kwamba kukuza breki za mbele peke yake kunaweza kuongeza umbali wa kusimama? Matairi ya mbele hufikia mwisho wa mshiko wake mapema, ya nyuma yakiwa bado hayajafanya kazi yake.

Diski zenye matundu? Zinapendeza, lakini matundu ndiko nyufa huanzia. Vifuniko vyekundu vya plastiki vya kubandika juu ya kalipa havisimamishi chochote.

Na wakati mwingine tatizo haliko kwenye diski wala pedi. Je, wajua kisa cha Volkswagen Golf GTI ya kwanza, ya mwaka 1976? Ilipotengenezwa kwa usukani wa kulia, pedali ilihamia kulia lakini masta silinda ilibaki kushoto. Zikaunganishwa kwa fito zilizokatiza kwa upana wa gari, na ukikanyaga kwa nguvu mfumo huo ulipinda kidogo, nguvu ya mguu ikapotea njiani. Hakuna pedi ambayo ingeponya hilo.

Msimamo wangu ni huu. Kwa gari la kwenda kazini na safari za mwisho wa wiki, fedha ziende kwanza kwenye matairi mazuri, kisha pedi za kuaminika, mafuta mapya na hozi zisizovimba. Brembo nenda nazo ukiwa unashindana, au kama hayo yote umeshayafanya na breki bado zinazidiwa na moto. Na ukipita gereji wiki hii, mwombe fundi apime unene wa diski zako. Diski nyingi zimepigwa chapa ya unene wa chini unaoruhusiwa. Zikiwa chini ya hapo, usisafiri nazo.