Je, Wajua? Ngeli kabla ya shule

Je, wajua kwamba mtoto wa Jinja hushika ngeli nyingi za Kisoga kabla hajafikisha miaka minne, na hakuna aliyemfundisha? Mwenzake wa Mbale hufanya vivyo hivyo kwa Kigisu.

Kazi ya kujifunza lugha huanza tumboni. Miezi ya mwisho ya mimba, mtoto tayari husikia sauti ya mama yake. Akikaribia mwaka mmoja hutamka neno la kwanza.

Kinachostaajabisha zaidi ni viambishi, vile vipande vya mwanzo wa neno vinavyoonyesha ngeli. Mtoto huanza na shina la neno, akiacha kiambishi au kuweka irabu tu mahali pake. Mtafiti Katherine Demuth aliliona hilo kwa watoto wa Lesotho. Mtafiti mwingine, Kamil Ud Deen, aliyechunguza Kiswahili cha watoto wa Nairobi, alikuta wakiacha kiambishi cha nafsi kwenye kitenzi. Kwa hiyo mtoto anayekatakata maneno hajakosea ovyo. Anafuata utaratibu, na anastahili kujibiwa kwa sentensi kamili badala ya kuchekwa.

Mitaa kama Walukuba, Jinja, au Namatala, Mbale, ina lugha kadhaa uani. Usiogope: lugha mbili au tatu hazimdumazi mtoto.

Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka darasa la kwanza hadi la tatu, hasa vijijini, lifundishwe kwa lugha ya eneo. Ni uamuzi sahihi, maana mtoto huingia shuleni akiwa na lugha hiyo tayari.

Mzazi, zungumza na mwanao kila siku. Akifikisha miezi 18 bila neno hata moja, mpeleke hospitali apimwe masikio.