Taarab Isiyo na Spika

Disemba 2009 kebo inayoleta umeme Unguja kutoka bara iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu. Aliyekuwapo hasahau. Maji tulichota visimani kwa ndoo, samaki tulinunua wa siku hiyohiyo, na kila jioni Mji Mkongwe ulinguruma kwa jenereta za mahoteli na maduka. Nyumba yetu iko ndani sana ya vichochoro, mbali na barabara ya magari, na jenereta hatukuwa nayo. Ikiingia magharibi tuliwasha kandili mbili, moja sebuleni na moja jikoni, basi.

Usiku mmoja wa Januari mjomba wangu, mpiga fidla tangu ujana wake, alibisha hodi akiwa na wenzake watatu: mmoja wa udi, mmoja wa kanuni, mmoja wa dumbak. Mazoezi ya klabu yao yalikuwa yamesimama kwa sababu ya giza.

"Mwanangu," aliniambia mlangoni, "tupe sebule yako japo saa mbili. Vidole vitatuota kutu."

"Sebule ni yako, mjomba. Karibuni ndani."

Nikawatandikia mikeka. Kabla hawajamaliza wimbo wa kwanza alikuja bibi wa nyumba ya pili, amebeba kigoda chake. Wakaja vijana wa barazani, kisha muuza kahawa na buli lake, na jirani yangu na watoto wake wanne. Ilipofika saa tatu, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi ya kupandia juu, na hakuna aliyenong'ona.

Taarab nimeisikia tangu tumboni mwa mama yangu, lakini maisha yangu yote niliisikia kupitia spika za harusi na redio. Usiku ule ndipo niliposikia kidole kikiteleza juu ya uzi wa udi. Nilisikia mjomba akivuta pumzi kabla ya kuushusha upinde wa fidla. Mwimbaji, ambaye alikuwa mpiga udi mwenyewe, aliimba kwa sauti ileile ambayo angeitumia kuzungumza na mtu aliyekaa mbele yake, na kila neno la shairi lilitufikia zima. Umeme ulirudi Machi 2010. Sisi hatukuacha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa Ramadhani, mlango wetu uko wazi kwa wasikilizaji.

Watu wengi huniuliza tunafanyaje, na wengine wana nafasi kubwa kuliko yangu. Kwanza ni vizuri wajue kwamba muziki huu umelelewa katika vyumba vya namna hii. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliileta ladha ya Misri katika jumba lake, akamtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Waliosikiliza walikuwa wageni wa jumba. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha Ikhwan Safaa, chama cha marafiki waliokutana kujifunza vyombo na kupigiana. Culture Musical Club, iliyoanza 1958, ina jengo lake pale Vuga, na kwa miaka mingi mpita njia aliweza kusimama akasikiliza mazoezi ya jioni.

Kisha kuna mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na santuri zake zikafika kila pwani. Lakini kabla na baada ya santuri, watu walimfuata nyumbani. Kundi lake lilikuwa la watu wachache: Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku. Wachache hao walitosha kuufanya mji mzima uzungumze, kwa sababu waliimba mambo ya mtaa mbele ya watu wa mtaa, na msikilizaji alikuwa karibu kiasi cha kulijibu shairi kwa macho.

Sasa nizungumzie chumba. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo haziendi mbali sana, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Sebule yangu ina upana wa mita tatu na urefu wa mita tisa, na mwisho wake inafunguka kwenye ua wa ndani. Ikiwa tupu, ukipiga kofi unasikia mlio ukirudi kutoka ukutani. Mlio huo ukiachwa, maneno ya mwimbaji yanapandiana. Tulitandika mikeka sakafu nzima, tukatundika kanga nzito kwenye ukuta wa nyuma, na tatizo likapungua. Dawa kubwa kuliko zote ni watu wenyewe: miili na nguo hunywa sauti. Ndiyo sababu wanamuziki wangu hawapendi kujaribu vyombo chumba kikiwa kitupu halafu wakaamini walichosikia.

Kanuni inakaa na ukuta wa mawe mgongoni, ili ukuta uirudishe sauti yake mbele. Dumbak inakaa pembeni kabisa, juu ya mkeka uliokunjwa mara mbili, na mpigaji hutumia ncha za vidole. Mwimbaji hukaa, hasimami, na mstari wa kwanza wa wasikilizaji uko hatua mbili kutoka kwake. Feni tunaizima kanuni inapoanza. Friji ya jikoni tunaichomoa. Hata karabai hatuitumii umeme ukikatika, kwa sababu inavuma; tunarudi kwenye kandili. Mtu anaweza kuona haya ni mambo madogo, lakini chumba kidogo kinafichua kila kitu, uzuri na kasoro.

Ngoja nieleze kuhusu mpiga kanuni, maana kwake ndiko kazi ilikojificha. Anafika saa kumi na mbili jioni, saa mbili na nusu kabla ya onyesho. Chombo chake kina nyuzi zaidi ya 70, tatutatu kwa kila sauti, na daraja la nyuzi limekaa juu ya vipande vya ngozi. Hewa ya bahari ikiwa na unyevu, ngozi inalegea na nyuzi zote zinashuka. Basi anakipakata chombo mapajani, ufunguo mdogo mkononi, anakaza uzi mmoja, anasikiliza, anakaza wa pili. Akimaliza anavaa pete mbili kwenye vidole vya shahada na kuchomeka vipande vya kudonolea. Zamani nilikuwa nikiwazuia wageni nje mpaka amalize. Siku hizi nawaruhusu waliowahi waingie wakae kimya watazame, na watoto wa skuli ndio wanaoongoza kuwahi. Watatu kati yao sasa wanajifunza vyombo.

Mwaka 2014 tuliwahi kupotea njia. Mfadhili mmoja alijitolea kutulipia onyesho zima kwa sharti tuweke spika, ili usiku wetu uonekane mkubwa. Zililetwa mbili, kila moja urefu wa mtoto wa miaka kumi. Maiki ikaanza kupiga mluzi kila mwimbaji alipogeuza uso, dumbak ikaifunika kanuni, na jirani mwenye mtoto mchanga akaja kugonga mlango. Baada ya wimbo wa pili mjomba aliweka fidla mapajani akasema, "Jamani, zimeni hizo tupige taarab." Tulizizima. Mfadhili tulimrudishia fedha zake. Spika zina mahali pake: harusi ya watu mia tano haiwezekani bila hizo, na tamasha la Sauti za Busara haliwezekani bila hizo. Katika chumba cha mita tisa, zinamnyang'anya msikilizaji kile alichokifuata.

Fedha nazo zisemwe waziwazi, kwa sababu maonyesho mengi madogo hufia hapo. Chumba changu kinachukua watu 35 kwa raha, na sizidishi hata kwa ndugu. Nafasi tano ni za majirani, bure, kwa zamu. Nafasi 30 ni za kulipia, shilingi 10,000 kila moja, jumla 300,000. Wanamuziki, ambao siku hizi ni watano, wanapata 40,000 kila mmoja, jumla 200,000, na bahasha zao zinafungwa kabla mlango haujafunguliwa. Mwanamuziki asisubiri nione nimepata nini; hatari ya usiku kukosa watu ni yangu mwenye nyumba. Inayobaki 100,000 inagawika hivi: 30,000 kahawa, kashata na halua, 20,000 kijana wa mlangoni, 10,000 usafi, na 40,000 zinaingia kwenye mkebe wa nyuzi. Nyuzi za kanuni na udi hazipatikani kila duka, na zikikatika bila akiba, onyesho la mwezi ujao limekufa.

Tuzo haimo katika hesabu hiyo. Msikilizaji wa taarab ubeti ukimgusa huinuka, akaenda taratibu na noti yake mkononi, akamtuza mwimbaji. Usiku wa pili kabisa tulijazana mpaka mama mmoja alishindwa kupita, akakaa chini na noti yake, akatoa machozi. Tangu hapo tunaacha njia katikati ya mikeka, pana kiasi cha mtu mmoja, kutoka mlangoni mpaka kwa mwimbaji. Tunaiita njia ya tuzo. Hakuna anayekaa hapo, na ikitokea moto au mtu akizimia, ndiyo njia ya kutokea. Mlango wa pili, wa uani, unabaki bila komeo usiku wote.

Ujirani ni nusu ya kazi. Sheha wetu anapata taarifa mapema, na kibali tunakiomba kwa wanaosimamia sanaa. Tunaanza saa mbili na nusu, baada ya sala ya isha, na saa nne na nusu mjomba anapiga wimbo wa kuagana hata kama watu bado wana kiu. Kabla ya kila wimbo anataja aliyetunga shairi na aliyelitia sauti, pale wanapojulikana. Watunzi wetu wengi wameimbwa miaka hamsini bila majina yao kutajwa, na hiyo ni dhuluma tunayoweza kuiondoa kwa sentensi moja.

Simu zinaingia katika kikapu cha ukindu mlangoni. Mwanzo kijana mmoja alinilalamikia: "Bi mkubwa, nimelipa, kwa nini nisirekodi?" Nikamwambia akae wimbo mmoja tu, akiona hawezi aje achukue simu yake na fedha zake. Hakuja. Mpaka leo ni yeye anayekaa pale mlangoni kupokea simu za wenzake.

Mjomba sasa ana miaka 78 na mkono wake wa kushoto umeanza kutetemeka, lakini hajakosa Jumamosi hata moja. Nilimuuliza kwa nini, hali kuna mialiko ya majukwaa yenye malipo mazuri zaidi. "Hapa," alinijibu, "nikikosea wanajua, na nikipatia wanajua." Mwanamuziki anayesikilizwa namna hiyo anajitahidi kila mara anapokaa, na msikilizaji aliyezoea kusikiliza namna hiyo hatoki hivihivi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nawe msomaji, kama una sebule, ua, au darasa linalokaa tupu jioni, una ukumbi. Tafuta wapigaji watatu na wasikilizaji kumi na watano. Zungumza na majirani kabla hawajaja kuzungumza nawe. Funga bahasha za wanamuziki kabla ya kufungua mlango, acha njia ya tuzo, zima feni, na uanze kwa saa uliyoitangaza. Anza mwezi huu, kwa sababu wazee wanaozijua nyimbo hizi bado tunao, na hatutakuwa nao siku zote.