Selimundu na Safari ya Ghafla: Je, Uliwaambia Wenzako?

Ukifika asubuhi na mapema katika stendi ya mabasi ya Bweri wakati shule na vyuo vinapofunguliwa, utawaona wazazi wakiwasindikiza vijana wao wanaokwenda kusoma mbali. Mzazi hukagua begi: vyeti vipo, shuka lipo, fedha ya matumizi ipo, pengine na samaki wakavu waliofungwa vizuri kwenye gazeti. Usia nao haukosekani: soma kwa bidii, chagua marafiki, usisahau nyumbani. Ni usia mwema. Lakini kwa familia yenye kijana mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, usia huo una pengo. Mimi nililiona pengo hilo juu ya mlima nchini Kenya, mwezi wa Februari mwaka 2011.

Jumamosi moja

Tulikuwa wanafunzi watano jijini Nairobi, watatu kati yetu tukiwa tumetoka Mara. Asubuhi hiyo tulikuwa tunakunywa chai tu, hatuna mpango wowote. Mwenzetu mmoja Mkenya akasema, "Jamani, leo hakuna masomo. Twendeni Longonot, jioni tutakuwa tumerudi." Baada ya nusu saa tulikuwa ndani ya matatu tukiteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Kila mmoja alikuwa na chupa moja ndogo ya maji. Chakula chetu kilikuwa mikate miwili.

Longonot ni mlima wa volkano karibu na Naivasha. Kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Sisi watoto wa Musoma tumezaliwa kando ya ziwa, penye mita 1,134 hivi, na milima yetu ni ile ya mawe ambayo mtoto huipanda na kushuka kabla uji haujapoa. Njia ya Longonot ni ya vumbi laini la volkano, mwinuko wake ni mkali, na huko juu hakuna maji ya kunywa. Mtu hupanda mpaka ukingoni mwa shimo kubwa la volkano, kisha akipenda hulizunguka lote. Safari nzima huweza kuchukua saa nne hadi sita.

Mwenzetu mmoja, kijana wa kwetu Mara, alianza kubaki nyuma mapema. Tulimtania. "Bwana mdogo, umezoea mtumbwi wewe!" Akacheka, akasema, "Kaka, tangulieni, nakuja." Alikuwa amekwisha kunywa maji yake yote. Tulipofika ukingoni tulimsubiri, akaja akiwa amejikunja, ameshika kiuno. Upepo wa huko juu ulikuwa wa baridi na shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alikaa chini, akasema miguu na mgongo vinamuuma kama vinavunjwa. Sisi tulidhani ni uchovu. Tulimwambia apumzike kidogo, nasi tukaendelea kupiga picha.

Baada ya muda alianza kulia. Mtu mzima, mwanafunzi wa chuo, analia kwa maumivu! Ndipo alipotuambia: "Nina sikoseli tangu utotoni."

Tulimshusha kwa kupokezana, huku askari wa hifadhi wakitusaidia sehemu ya mwisho, mpaka akapata gari la kumpeleka hospitali. Alipofika, kifua nacho kilikuwa kimeanza kumbana. Aliwekewa oksijeni na dripu, akapewa dawa kali za maumivu, akalazwa siku sita. Usiku ule nilimpigia mama yake simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuongea na mwanawe. Nilikishika kile kisimu sikioni mwa mgonjwa, nikamsikia mama akiuliza swali moja tu: "Mwanangu, uliwaambia wenzako?"

"Hapana, mama. Niliona aibu."

Selimundu ni nini?

Damu yetu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni. Kwa kawaida chembe hizi ni za mviringo na laini, hupita bila shida hata katika mishipa myembamba sana. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe zinapopungukiwa oksijeni hubadilika umbo, zikajipinda kama mundu wa kuvunia ulezi na kuwa ngumu. Huziba mishipa midogo, na sehemu isiyopata damu huuma vikali. Hali hii ndiyo inayoitwa shambulio la maumivu. Likitokea kifuani, huweza kuua.

Huu si ugonjwa wa kuambukizwa wala si wa kulogwa. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja akiwa amebeba kinasaba kimoja tu. Ikiwa wote wawili wamekibeba, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi za dunia ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu, na Kanda yetu ya Ziwa imeguswa sana.

Kwa nini mlima ulimshinda?

Mambo manne yalimkuta kwa pamoja. Kwanza, alipungukiwa na maji mwilini, na damu nzito hufanya chembe zishikamane upesi. Pili, alitumia nguvu nyingi bila kupumzika kwa sababu hakutaka kuchekwa. Tatu, mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, hivyo oksijeni anayovuta mtu hupungua. Nne, baridi na nguo iliyolowa huifanya mishipa isinyae. Kila moja kati ya haya huweza kuleta shambulio peke yake.

Lakini kulikuwa na jambo la tano, nalo ni ukimya. Kama tungalijua, tungalimpa maji yetu, tungalikwenda kwa mwendo wake, na tungaligeuka aliposhika kiuno mara ya kwanza. Hata pengine tungalichagua kutembea kando ya Ziwa Naivasha badala ya kupanda mlima. Sisi hatukumwacha nyuma kwa ubaya. Tulimwacha kwa kutojua, na kwa utani wetu tukamfanya aone aibu zaidi.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mgonjwa na familia yake:

1. Kabla kijana hajaondoka nyumbani, muulizeni daktari wake kuhusu mahali anapokwenda: kama pana baridi au pameinuka sana, na kliniki iko wapi. Apewe barua fupi inayoeleza ugonjwa wake na dawa anazotumia.

2. Asiache dawa zake za kila siku, kama vile asidi ya foliki, na haidroksiyurea kwa walioandikiwa.

3. Awaambie angalau watu wawili anaoishi nao. Haina haja ya kutangazia chuo kizima.

4. Akitoka kutembea, achukue maji ya kutosha, na anywe kidogo kidogo kabla ya kusikia kiu. Avae nguo za kumkinga na baridi, apumzike mara kwa mara, na asiogelee kwenye maji baridi.

Kwa wenzake:

1. Hata safari ya ghafla inahitaji dakika kumi za maandalizi. Ulizaneni: nani ana ugonjwa wowote? Maji yanatosha? Tutageuka saa ngapi hata kama hatujafika kileleni? Nani aliyebaki anajua tulikokwenda?

2. Mwendo wa kundi uwe ule wa anayetembea polepole kuliko wote.

3. Maumivu yakianza, simamisheni safari. Mfunikeni apate joto, mpeni maji na dawa ya maumivu aliyoelekezwa na daktari wake, kisha mshusheni.

4. Mpelekeni hospitali bila kuchelewa akiwa na maumivu makali yasiyotulia, maumivu ya kifua, pumzi kubana, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo. Hali kadhalika mdomo ukipinda, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea.

Wale waliobeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida huishi bila shida. Hata hivyo, nao wasijikaze kupita kiasi kwenye jua kali bila maji, wala sehemu zilizoinuka sana, kwa maana mara chache hupatwa na madhara makubwa. Hivyo ni vema kila kijana ajue hali yake kwa kupima damu, na hasa wachumba wapime kabla ya ndoa, ili wajue mapema na wapange maisha yao kwa ukweli.

Safari ya pili

Mwenzetu alipona na akamaliza masomo yake. Miezi mitatu baada ya Longonot, kundi letu lilipanga tena kutoka, safari hii kwenda Ziwa Naivasha. Kabla hatujapanda gari alisimama mbele ya wageni wawili walioongezeka, akasema, "Mimi nina sikoseli. Natembea polepole, na nikisema basi, ni basi." Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alirudi dukani akaongeza chupa nne za maji.

Basi mzazi, utakapokuwa stendi ukimkabidhi kijana wako begi lake, mpe na usia huu mmoja. Na atakapopiga simu kukusalimu, baada ya kumuuliza kama amekula na masomo yanaendaje, muulize na swali la yule mama.