Pikipiki mpya na kilomita elfu moja za kwanza

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia nyumbani na pikipiki mpya, kubwa, ya silinda nne, ambayo kiti chake kilikuwa bado kimefunikwa nailoni. "Shikamoo mjomba, hebu toka nje uione," aliniambia. Nikaiona, nikaisifu, kisha nikamwuliza kama ameelezwa namna ya kuizoeza. Akacheka. Akasema fundi amemwagiza asivute mafuta sana mpaka atimize kilomita 1,000, ili injini ifunguke.

Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomlaza hospitali siku sita baadaye.

Tuanze na hiyo injini, maana ndiyo kila mtu huitaja. Ukuta wa ndani wa silinda mpya hauko laini kama unavyodhani. Kiwandani huchorwa kwa makusudi mikwaruzo myembamba sana inayokatana kama nyuzi za wavu, ili ishike oili. Pistoni nayo imevishwa ringi, ambazo kazi yake ni kuzuia nguvu ya mlipuko isivuje kwenda chini na oili isipande juu ikaungua. Zikiwa mpya, ringi hizo hugusa vilele tu vya mikwaruzo ile. Lazima zisuguane na ukuta mpaka zikae sawasawa, na kazi hiyo hufanyika hasa katika kilomita za mwanzo.

Sasa basi, ukiikamua injini siku hiyo ya kwanza, pale vyuma vinapogusana joto hupanda mno na ukuta huchubuka. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana ni kwamba kuidekeza nako ni kosa. Kinachozisukuma ringi zibane ukuta ni nguvu ya mlipuko wenyewe. Mtu anayetembea kwa mwendo wa harusi wiki nzima, au anayeiwasha na kuiacha ikinguruma uani ili majirani waisikie, huufanya ukuta ule uwe laini kama kioo kabla ringi hazijakaa. Baadaye ataona moshi wa bluu na kumlaumu aliyemwuzia.

Kinachotakiwa ni mwendo wa kubadilika. Iache ipate joto kidogo, ongeza mafuta taratibu, punguza, badili gia, wala usiishikilie kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ukifika kilomita 1,000 badilisha oili na filta, kaza cheni, na fundi akague boliti. Wapo wanaoona uchungu kumwaga oili ambayo bado inang'aa. Huo mng'ao ni pamoja na vumbi la chuma. Na kwa kuwa katika pikipiki nyingi oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha injini, giaboksi na klachi, usiweke ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi itateleza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA.

Hapo ndipo maelekezo ya fundi yalipoishia. Lakini hebu tutazame hesabu moja. Suzuki ilianza kuuza pikipiki yake ya Hayabusa, jina la Kijapani la ndege kozi, mwaka 1999. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita karibu 1,300 na nguvu za farasi zaidi ya 170, wakati pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina kama 10. Maelekezo ya kuizoeza yanasema kwamba katika kilomita 800 za mwanzo injini isizidi mizunguko 5,500 kwa dakika, yaani nusu ya kikomo chake. Mpanda pikipiki akisikia "nusu" anajiona mwungwana. Lakini kwenye gia ya sita, nusu hiyo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa! Kitabu kimeilinda injini. Shingo yako hakikuizungumzia hapo.

Imezungumziwa kurasa nyingine, ambazo watu hawafiki. Huko imeandikwa kwamba tairi mpya hutaka kilomita 160 za tahadhari, bila kuongeza mwendo ghafla, bila breki za nguvu na bila kulala sana kwenye kona. Tairi mpya uso wake ni laini na unang'aa; ni lazima barabara iukwaruze ndipo ishike. Breki nazo, pedi na diski ni mpya, bado hazijasuguana zikalingana, kwa hiyo hazikamati kwa nguvu zake zote. Ina maana siku ambayo pikipiki ina nguvu usizozizoea ndiyo siku ambayo haina mshiko wala breki kamili.

Mpwa wangu hakuwa mzembe. Jumamosi aliondoka alfajiri kwenda Chalinze na kurudi, zaidi ya kilomita 200, akitazama saa ya mizunguko kama mtu anayetazama chungu cha maziwa motoni. Aliporudi aliamini kwamba tairi zimekwisha kuzoea. Lakini barabara ile kwa sehemu kubwa imenyooka, na pikipiki inayokwenda wima hukanyaga katikati ya tairi peke yake. Mabega ya tairi, yale yanayogusa chini unapolala kwenye kona, yalikuwa bado yanang'aa kama yalivyotoka kiwandani. Jumatatu asubuhi, kukiwa na manyunyu, akaingia kipilefti kwa mwendo wa kama 40, akalala kidogo. Tairi ya nyuma ikamkimbia. Mkono ulivunjika mahali pawili. Daladala iliyokuwa nyuma yake ilifunga breki, na kwa hilo namshukuru Mungu na dereva wake.

Nilipokwenda kuitazama ile pikipiki nilipitisha kidole kwenye tairi. Katikati palikuwa pakavu, pana vumbi, pamekwaruzika. Pembeni palikuwa laini kama ganda la embe.

Kwa hiyo ukipata pikipiki ya namna hiyo, tafuta asubuhi ya Jumapili yenye jua na barabara tulivu yenye kona nyingi. Ilaze kidogo kulia, kidogo kushoto, ukiongeza kidogo kila mara, mpaka uone mng'ao unaisha kuelekea ukingoni. Funga breki taratibu kutoka mwendo mdogo, mara nyingi, ukiziacha zipoe. Mvua ikinyesha, rudi nyumbani.

Mpwa wangu ameambiwa plasta itakaa wiki nane. Pikipiki iko uani kwangu chini ya turubai, mita yake inasoma kilomita 231, na kila akija huniomba ufunguo ili aiwashe kidogo, betri isife. Ninampa, lakini namwambia asiiache ikinguruma.