Iten: Kwanza Mwalimu, Kisha Uwanja



Maombi ya kusaidia michezo ya vijana kwa kawaida huanza na uwanja, jezi na viatu. Vyote vinahitajika. Lakini kabla kamati haijaandika bajeti, tunaomba itafakari habari ya Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, Iten, shule ya Kikatoliki ya wavulana kando ya Bonde la Ufa nchini Kenya.

Mwaka 1976 alifika hapo Bruda Colm O'Connell wa shirika la Patrician, kutoka Ireland, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea riadha. Alianza kwa kumsaidia mwalimu mwenzake, na huyo alipoondoka, yeye akabaki na wakimbiaji. Alijifunza kwa kuwatazama wavulana wakikimbia kwenye barabara za vumbi na kwa kuwasikiliza.

Matunda yake yanajulikana. Peter Rono alipata dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. Matthew Birir alifuata mwaka 1992 huko Barcelona, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, ambaye baadaye aliikimbilia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997.

Wengi husema sababu ni hewa ya mwinuko wa mita 2,400 hivi. Ni kweli inasaidia. Lakini shule nyingi za jirani zinavuta hewa hiyohiyo. Sisi tunaona mambo mawili zaidi.

La kwanza, riadha haikuwatoa vijana darasani. Rono aliposhinda Seoul alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Kikatoliki cha Mount St. Mary's, Marekani. Mbio zilimfungulia mlango wa elimu.

La pili, mwalimu alikaa. Bruda Colm alifundisha wakimbiaji Iten kwa zaidi ya miaka 40. Baadaye aliwapokea pia vijana wasio wa shule hiyo, wakiwemo wasichana. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, na David Rudisha, aliyeshinda Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia, walipita mikononi mwake.

Hapa ndipo penye somo kwetu sote. Wafadhili, tumezoea miradi ya miaka miwili au mitatu, na picha ya uwanja mpya hupendeza katika taarifa. Uwanja usio na mwalimu huota majani.

Basi kamati ijiulize: Nani atakuwa na vijana hawa kila jioni? Tutamtunzaje ili asihame? Na yule ambaye hatashinda medali, ambaye ndiye kijana wa kawaida, ataondoka na nini?

Shuleni Iten kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanariadha wake. Kila mmoja ulihitaji mtu wa kuumwagilia.