Mjomba Wetu na Kompyuta Yake ya Zamani



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya mazungumzo ya majamvi na makonyo kwisha, wanachama watatu walitufuata mlangoni na swali moja. Kila mmoja wao ana mzee nyumbani, na kila mzee ana kompyuta ya siku nyingi isiyotaki kushika intaneti. Wakauliza: Je, itengenezwe au itupwe? Tuliwaahidi kuwajibu katika ukurasa huu. Jibu letu tunalitoa kwa kisa kilichotupata wenyewe, wala hatutayaficha makosa yetu, maana humo ndimo yalimo mafunzo.

Mjomba wetu anakaa upande wa Mtambile, na umri wake umepita miaka 70. Katika ujana wake alikuwa karani, na tabia ya ukarani haikumtoka. Hakuna pishi ya karafuu iliyopimwa katika shamba la marehemu babu yetu ambayo yeye hakuiandika. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kijijini kwao kununua kompyuta ya mezani. Akahamishia humo madaftari yake yote: hesabu ya mikarafuu ya kila bonde, miti iliyokufa na iliyopandwa mahali pake, majina ya wachumaji, pishi walizochuma na ujira waliolipwa. Kazi hiyo ameifanya kila msimu bila ya kukosa.

Msimu uliopita ukoo ulikubaliana kuligawa shamba lile kwa warithi. Dada yake mdogo, ambaye kwetu sisi ni mama mdogo, yuko Muscat tangu alipoolewa, na sasa miguu yake haimruhusu kusafiri. Alileta neno moja tu: "Sitaki kugombana na mtu. Nataka nimwone kaka yangu uso kwa uso, anisomee hesabu ya miti." Wakubwa wakampa mjomba muda wa siku 20. Vijana walitaka kumpa simu ya kisasa, akakataa. Jicho lake moja limepasuliwa mtoto wa jicho, na herufi za simu kwake ni kama sisimizi. Alitaka kioo chake kikubwa na vitufe vyake alivyovizoea. Basi tukaitwa sisi, kwa kuwa watu hudhani kwamba katibu hujua kila kitu.

Tulifika siku ya Ijumaa alasiri. Tukamwamkia, akatuitikia, akatukaribisha chumbani. Tulipoiona ile mashine tulicheka, tukasema: "Mjomba, hii haina kazi tena. Itupe, tutakutafutia nyingine."

Mjomba hakujibu. Alikwenda mwenyewe kuleta kahawa, akamimina, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mkarafuu ule wa mlangoni ameupanda babu yako. Ukikosa kuzaa mwaka mmoja, utautia shoka?"

Tukanywa kahawa yetu kimya.

Kwanza tulitaka kujua kama mtandao unafika pale. Tukaiunganisha simu yetu na kompyuta kwa waya, na mtandao ukafika. Lakini kila ukurasa tuliofungua ulitoa onyo kwamba hauaminiki. Tukabadilisha waya, tukaizima mashine, tukaiwasha tena. Saa nzima ikapita, na jasho likatutoka. Mjomba alikuwa amekaa nyuma yetu na tasbihi yake, akauliza: "Mbona saa yake inasema leo ni tarehe 1 Januari 2009?"

Sisi tuliosoma hatukuiona saa ile, na mzee wa jicho moja ameiona.

Kumbe shida yote ilikuwa hapo. Kila tovuti iliyo salama huionyesha kompyuta cheti chake, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta hukilinganisha cheti na saa yake yenyewe. Ikiwa saa inasema ni mwaka 2009, basi cheti kilichotolewa mwaka huu huonekana hakijaanza kazi, nayo hukikataa. Na saa ilirudi nyuma kwa nini? Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu. Namba yake mara nyingi ni CR2032, na nguvu yake ni volti 3. Hiyo ndiyo inayoishika saa wakati umeme umekatika. Ya mjomba ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika saa yake ilirudi mwanzo. Siku ya pili tulinunua betri mpya Chake Chake kwa fundi wa saa, tukaitia, tukairekebisha tarehe, na kurasa zikaanza kufunguka.

Zikaanza, lakini si zote. Programu kuu ya mashine ile ilikuwa Windows 7, na waliyoitengeneza waliacha kuilinda tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Chrome, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, nacho kiliacha kuisaidia Windows 7 mwezi wa Februari 2023. Kompyuta iliyofikia hali hiyo huwa kama nyumba isiyo na komeo: unaweza kulala ndani, lakini usiweke fedha. Wala vijana wasiwacheke wazee kwa hili, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za vijana zimo katika njia hiyo hiyo.

Dawa tuliyoichagua ni programu kuu nyingine isiyouzwa, iitwayo Linux Mint. Aina yake ya Xfce ni nyepesi. Inataka kumbukumbu ya GB 2 kwa uchache, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikipata GB 4. Mjomba alikuwa na GB 2, tukamtafutia nyingine 2 zilizokwisha kutumika. Programu hii unaweza kuijaribu kutoka katika fleshi kabla ya kuitia ndani, nasi tulifanya hivyo. Ikawaka, ikaonyesha sura nzuri, ikafungua kila ukurasa. Tukafurahi mno, na furaha ikatutia haraka.

Sasa sikilizeni kosa letu kubwa. Tulikuwa tunaitia programu ile ndani ya mashine, na katika kioo palikuwa na swali: Je, diski yote ifutwe? Kidole chetu kilikuwa tayari juu ya kipanya. Mjomba akatushika bega, akauliza: "Na madaftari yangu yatakwenda wapi?"

Mwili ulitusisimka. Madaftari ya karatasi yalikuwa yamekwisha kuliwa na mchwa zamani. Hesabu ya shamba zima, ambayo warithi walikuwa wakiingojea, ilikuwa katika diski ile tu, wala haikuwako mahali pengine popote duniani. Kubonyeza mara moja tu, na kazi ya mzee ya zaidi ya miaka kumi ingalipotea, na sisi tungaliwatia ndugu katika ugomvi usiokwisha.

Tukaacha kila kitu. Tukainakili hesabu katika fleshi, tukaja nayo ofisini kwetu kuifungua. Haikuwa na kitu! Tulikuwa tumenakili ile alama iliyoko juu ya kioo, ambayo huonyesha njia tu ya kufikia daftari, si daftari lenyewe. Tukarudi Mtambile, tukalitafuta daftari lenyewe, tukalinakili katika fleshi mbili, na zote mbili tukazifungua katika mashine nyingine mbele ya mjomba, naye akasoma misimu mitatu kwa sauti mpaka akaridhika. Fleshi moja akaitia katika sanduku la hati za shamba, na ya pili akampa mkewe aiweke. Hapo ndipo alipotuambia: "Sasa futa."

Lililobaki lilikuwa la njia ya intaneti yenyewe. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Lakini waya mkubwa kufika nchi si sawa na intaneti kufika chumbani. Kompyuta ya mjomba haikuwa na kifaa cha kushika mtandao wa hewani, basi tukamnunulia ruta ndogo ya laini ya simu yenye tundu la waya, tukaiunganisha na kompyuta. Ilipokuwa katikati ya nyumba, chini ya bati, ilisuasua. Tulipoihamishia dirisha linaloelekea mnara, ikaenda mbio. Tukaiamuru kompyuta pia isijiletee nyongeza za programu mpaka mjomba aseme, maana nyongeza hizo huweza kumaliza bando kabla mwenyewe hajafungua ukurasa mmoja. Nyongeza za ulinzi zisiachwe, ila zipangiwe siku yake.

Kisha tukaja katika kumfundisha, na hapa tulikuwa tumekwisha kupata adabu. Mkono wetu haukugusa tena kipanya. Mjomba alishika mwenyewe, akakosea, akarudia. Kila hatua aliiandika katika karatasi kwa herufi za Kiarabu, kama alivyozoea tangu chuoni, na karatasi ile ameibandika ukutani. Hatua zote ni sita tu. Neno lake la siri alilichagua mwenyewe, wala hatulijui. Tukamweleza kuwa mwenye kumwuliza neno hilo, hata akijiita ofisa wa kampuni, ni mwizi, na ni ndugu wa wale wanaotuma ujumbe wa "ile pesa itume kwa namba hii". Mjomba akacheka, akasema hao anawajua, wameshamwandikia mara nne.

Siku ya 17 katika zile 20, baada ya sala ya Isha, tulikaa chumbani, mjomba mbele na sisi nyuma. Mama mdogo akatokea katika kioo. Kwa kitambo hakuna aliyesema neno. Kisha mjomba akavaa miwani yake, akaanza kusoma kama karani: "Bonde la juu, mikarafuu 31. Inayozaa, 26."

Mama mdogo akamkatiza: "Na ule wa kisimani?"

Mjomba akashuka mistari taratibu, akapata. "Uliangushwa na upepo mwaka 2016. Pale nimepanda miche miwili, yote miwili hai."

Mama mdogo akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Chini ya mti ule ndiko walikokuwa wakichezea utotoni, na yeye alikuja na khofu kuwa umekatwa kwa siri. Waliendelea mpaka mti wa mwisho. Alipomaliza kusikia akasema: "Nimeridhika. Gaweni." Shamba likagawiwa bila ya sauti kupanda, alhamdulillahi.

Sasa wanachama wetu waliouliza, jibu letu ni hili. Kwanza, kabla ya kugusa mashine ya mzee, mwulize ndani yake mna nini na anataka aitumie kwa kazi gani. Pili, nakili vitu vyake mahali pawili, na ufungue nakala hizo kwa macho yako kabla ya kufuta chochote. Tatu, tazama tarehe na saa kabla ya kuhangaika na mengine. Nne, kama programu kuu imekwisha kuachwa na wenyewe, ibadilishe kwa iliyo nyepesi, na uijaribu kwanza kutoka katika fleshi. Tano, ihamishe ruta karibu na dirisha kabla ya kuilaumu kampuni. Sita, acha mkono wa mzee ufanye kazi, nawe tumia mdomo tu, na mdomo wenyewe uwe na adabu.

Hatusemi kuwa kila mashine ya zamani itapona. Iliyokufa diski huenda isifae kitu. Lakini hata hiyo, aihukumu fundi baada ya kuitazama, si kijana baada ya kuicheka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ofisi yetu iko wazi kila Jumamosi asubuhi kwa mwanachama mwenye shida kama hii. Njooni na mashine, na mzee mwenyewe aje, maana pengine yeye ndiye atakayeiona saa.

Katibu wa Chama